Pampu ya bluu inamtetemesha mwanangu mikono. Nimpe kidonge cha presha?

MamaHaji_Tanga
Habari za jioni wakuu. Nina mwanangu wa kiume, miaka 9, ana pumu tangu akiwa na miaka 4. Anatumia pampu ya bluu. Zamani kopo moja lilikuwa linafika miezi minne, mitano. Mwezi huu la kwanza limeisha, nimeshanunua la pili. Anapuliza asubuhi kabla ya shule, anapuliza mchana, na usiku ndio zaidi. Kifua kinafunguka, hilo sikatai, dakika chache tu naona anahema vizuri. Ila mikono inamtetemeka. Jana mwalimu kaniita kunionyesha daftari la hesabu: saba na moja huwezi kuzitofautisha. Nikimwekea kiganja kifuani, moyo unamwenda mbio.

Jirani kaniletea vidonge vya propranololi, vya presha, anavyotumia mama yake. Anasema vinatuliza moyo, nimkatie nusu. Sijampa bado, viko kabatini juu ya vyombo. Hii pampu inafanya nini hasa mwilini hadi ifungue kifua na papo hapo itetemeshe mikono? Na hicho kidonge nimpe au nisimpe?

Mfamasia wa Zamu
Mama Haji, usimpe. Mrudishie jirani leo hii, wala visilale kwako. Nikikueleza pampu inavyofanya kazi utaona mwenyewe kwa nini.

Kwenye ngozi ya kila seli kuna vipokezi. Vichukulie kama vitasa vya mlango. Mwili una funguo zake, na mmojawapo ni adrenalini, homoni inayotoka kwenye tezi zilizo juu ya figo, ile inayokufanya uruke ukiona nyoka njiani. Ikiingia kwenye vitasa vya moyoni, moyo unaongeza kasi. Ikiingia kwenye vile vya misuli inayozunguka mirija ya hewa, misuli inalegea na mirija inapanuka.

Mwaka 1948 Raymond Ahlquist, Mmarekani, alionyesha kwamba vitasa vya adrenalini si vya aina moja, akaviita alfa na beta. Mwaka 1967 hizo beta nazo zikagawanywa: beta 1 zimejaa moyoni, beta 2 zimejaa kwenye mirija ya hewa. Wenye pumu wa miaka hiyo walikuwa wakipuliza isoprenalini, ambayo inafungua beta zote bila kuchagua, kwa hiyo kila mpulizo wa kifua ulikuwa pia kiboko kwa moyo. Kundi la mtafiti wa dawa David Jack pale Ware, Uingereza, likatengeneza salbutamoli, ikaanza kuuzwa 1969. Ndiyo iliyomo kwenye pampu yako. Yenyewe inapendelea beta 2. Dawa inayoingia kwenye kitasa na kukizungusha kama ufunguo wa mwili wenyewe tunaiita agonisti.

Sasa mikono. Misuli ya mikono nayo ina beta 2. Dawa ikiwa kidogo inaishia mapafuni. Ikizidi, nyingine inamezwa, nyingine inaingia kwenye damu, inakwenda kufungua vitasa ambavyo hukuvikusudia. Ndiyo mtetemo, na ndiyo moyo kwenda mbio. Ikizidi sana inashusha hata potasiamu ya damu.

Propranololi ni ufunguo unaoingia lakini hauzunguki. Unakaa umeziba tundu, beta 1 na beta 2 zote. Mtoto akibanwa saa tisa usiku ukampulizia, salbutamoli inafika inakuta tundu limezibwa. Na hata asipobanwa na kitu kingine, kidonge hicho peke yake kinaweza kuifunga mirija ya mwenye pumu. Nilishampokea dirishani mzee wa pumu aliyepewa na ndugu yake kwa nia njema kabisa. Anaongea neno moja moja, pampu mkononi, amepuliza hadi amechoka. Tulimkimbiza hospitali, akapona, lakini sura yake sijaisahau.

Kinachoniumiza zaidi kwenye maelezo yako si mtetemo, ni hayo makopo. Kopo lina mipulizo 200. Pampu ya bluu inalegeza misuli kwa saa nne hadi sita basi. Uvimbe na makamasi ndani ya mirija vinabaki palepale. Tena vitasa vikizungushwa kila siku vinapungua, seli inavivuta ndani, dawa inaanza kukosa nguvu. Anachohitaji ni dawa ya uvimbe, ile pampu ya kahawia yenye beklometasoni, kila siku hata akiwa mzima. Hiyo inatuliza uvimbe na pia inaisaidia seli kutengeneza vitasa vipya vya beta 2. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unakataza watu wazima na vijana kutibiwa kwa bluu peke yake, na mtoto wa umri huu anayebanwa kila siku hatakiwi kuachwa bila dawa ya uvimbe.

Bluu usimnyang'anye, akibanwa apulize. Ila wiki hii mpeleke kwa daktari na makopo yote mawili mkononi. Ukiona midomo inabadilika rangi, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, au hamalizi sentensi, usingoje kliniki, ni hospitali saa hiyohiyo.

Mwalimu wa Voi
Pole mama. Mimi pumu ninayo miaka thelathini. Naomba uangalie anavyopuliza. Akijipulizia moja kwa moja mdomoni, dawa nyingi inagonga ulimi na koo, anaimeza, inamtetemesha bila kufika kifuani. Chukua chupa ya plastiki ya maji, nusu lita, ioshe na uikaushe. Toboa kitako chake tundu la ukubwa wa mdomo wa pampu, ichomeke, ziba pembeni kwa gundi au utepe hewa isivuje. Mtoto anaweka mdomo kwenye shingo ya chupa, unapuliza mara moja, anavuta na kutoa pumzi polepole mara tano au sita, halafu ndio mpulizo wa pili. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town waliipima chupa ya namna hii kwa watoto, ikafanya kazi sawa na spesa, kile kifaa cha dukani kinachochomekwa kwenye pampu. Na akipewa ya kahawia asukutue mdomo na kutema, la sivyo ulimi utaota utando mweupe.

MamaHaji_Tanga
Asanteni sana, Mungu awalipe. Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo dawa zote ni funguo? Na jambo sikulisema: mimi nakaanga mihogo, jiko la kuni liko mlangoni.

Mfamasia wa Zamu
Si zote. Antibayotiki inaua vijidudu, ile ya kiungulia ya kutafuna inapoza asidi tu. Ila funguo ziko nyingi. Kumbuka ulipojifungua, kama ulichomwa sindano ya paja mara tu mtoto alipotoka: ile kwa kawaida ni oksitosini, yuniti 10, nakala ya homoni yako mwenyewe. Inazungusha vitasa vya mfuko wa uzazi, unajikaza, damu inapungua. Salbutamoli kwenye mfuko huohuo inafanya kinyume, inaulegeza, na zamani ilitumika kuchelewesha uchungu uliokuja mapema. Mofini nayo ni ufunguo wa vitasa vya kutuliza maumivu, na ikimzidi mtu hadi pumzi ikafifia, anachomwa naloksoni, inayokwenda kuziba tundu. Hapo kuziba ndiko kunakookoa. Kila kitu ni kitasa gani, na cha nani.

Jiko lihamishe mama. Moshi wa kuni unavimbisha mirija kila siku, tunabaki tunapambana na moto huku tunauchochea.

MamaHaji_Tanga
Narudi baada ya wiki tatu. Daktari kampa ya kahawia, asubuhi na jioni, kwa chupa. Vidonge nilirudisha usiku uleule, na jirani hakukasirika, alishtuka, akaniambia hata mjukuu wake ana pumu. Jiko liko nyuma ya ukuta wa choo, wateja wamelizoea. Bluu kapuliza mara mbili tu wiki hii. Juzi hakuamka usiku mzima. Niliamka mimi, saa nane, nikaenda kuweka sikio mgongoni kwake. Hakuna mluzi.