Naomba ushauri: kuwapeleka watoto na mama kuona majani ya vuli

Habari zenu ndugu zangu. Nataka kuitoa familia ikatazame majani yanavyogeuka rangi kabla hayajapukutika. Tuko watano: mimi na mwenzangu, mtoto wa miaka 7, mdogo wake wa miaka 2 anayetaka kubebwa kila baada ya hatua chache, na mama yangu ambaye magoti yanamsumbua.

Ninavyojua, milimani majani huwahi kubadilika kuliko bondeni, na mchana wa jua ukifuatwa na usiku wa baridi isiyogandisha, wekundu hukolea. Sasa twende mlimani mapema, au tusubiri zamu ya bondeni? Mwaka jana tulichelewa, upepo na mvua vikatutangulia, tukakuta matawi matupu. Mkubwa alilia, na mpaka leo ananikumbusha.

Kinachonitatiza zaidi ni mama. Sitaki abaki garini akituangalia kupitia dirishani. Je, bora njia fupi tambarare ya kuzunguka ziwa, yenye mabenchi, au treni ya polepole inayopita msituni? Majani yaliyolowa huteleza sana, hilo linanitia hofu.

Kwa watoto nimefikiria kila mmoja awe na kimfuko chake, aokote jani la njano, jekundu na la kahawia, tukayakandamize kitabuni nyumbani.

Mliowahi kwenda na mzee na mtoto mdogo pamoja, mlitoka saa ngapi, na mlikaa muda gani kabla hawajachoka?