Tupeane uzoefu: vichaka vya asili vinavyohimili ukame nyumbani, mimi Dodoma imenishinda

Mtumishi wa Iyumbu:
Wakuu habari. Leo asubuhi natoka getini naona kwenye kiwanja cha jirani, kile ambacho hakijajengwa, waridi la jangwani limechanua pinki tupu. Halina jani hata moja. Hakuna mtu amewahi kulimwagia maji. Upande wangu wa ukuta ukoka niliousafirisha kutoka Dar umebaki rangi ya gunia, na ua wa maua niliyouziwa kwa mbwembwe umekauka mpaka nikigusa unavunjika. Nikaona kama nimetukanwa.

Nilihamia 2019 pamoja na ofisi. Mnaojua Dodoma mnajua: mvua Desemba mpaka Aprili, ikikata ni vumbi na upepo mpaka Novemba, na bomba linakuja kwa mgao. Aliyefanikiwa kupanda vichaka vya kwetu vinavyojitegemea aseme alifanyaje. Na aliyeshindwa pia aseme, nisijione niko peke yangu.

kipanga_06:
Hauko peke yako mkuu. Mimi ni wa bili ya maji kuzidi bili ya umeme.

Mama Wawili Nzuguni:
Mimi kisima chetu cha mtaani ni maji ya chumvi, kila nilichomwagilia kilianza kuungua ncha za majani halafu kikafa. Kilichopona ni mswaki. Ndiyo huo huo wa kupigia meno. Nilipanda mitatu ukutani, mwaka wa kwanza nilikuwa naipa ndoo moja kila Jumapili, sasa hivi siigusi. Iko kijani mwaka mzima na wazee wa msikitini wanapita kuomba vijiti.

Fundi Chuma:
Pandeni mwarobaini mmalize kelele. Ndio mti wetu wa asili, haufi.

shamba_darasa:
Mwarobaini asili yake India na Burma bwana. Umezoeleka tu.

Fundi Chuma:
Bibi yangu kaukuta, mimi nimeukuta. Unataka uwe na kitambulisho cha taifa?

shamba_darasa:
Bibi yako alikuta na reli pia. Mada inasema vya asili. Na kabla hujasema mlonge, nao ni wa huko huko.

Jirani Kajiado:
Ukame tu usiwe kigezo. Sisi Kenya tuliletewa mathenge, mti wa miiba wa kigeni, Baringo miaka ya themanini kwa sababu hiyo hiyo, eti haufi. Kweli haufi. Umemeza malisho, mbuzi wanaokula maganda yake wanaoza meno. Uliza kwanza mmea umetoka wapi.

Binti Mpwapwa:
Hii mada imenikumbusha kitu nilikuwa nimeshakizika. Nani ametaja minyaa? Hamjataja bado, basi mimi naitaja.

Nilikuwa na uzio wa minyaa nyumba nzima. Kwa ukame hakuna kama yenyewe: unakata kijiti, unakiacha siku chache kikauke kidonda, unakichomeka ardhini, umemaliza. Ulikuwa umepanda juu hadi unagusa waya wa umeme, nikasema Jumamosi naupunguza mwenyewe, kibarua wa nini. Nikashika panga. Pigo la tatu au la nne, ule utomvu mweupe ukaruka ukaingia jicho la kulia. Nikafanya ujinga ambao kila mtu angefanya: nikafuta kwa mkono wa gauni. Mkono wenyewe ulikuwa umelowa utomvu. Nikajipaka na la kushoto.

Jamani. Pilipili ni mchezo. Baada ya nusu saa nilikuwa naona ukungu, magharibi sioni kitu. Mama mkwe anapiga kelele aitwe mwanamke anayenyonyesha, likaletwa ziwa la jirani nikakamuliwa machoni kama ndama. Usiku sikulala. Mume wangu alikuwa safarini, nilipandishwa bodaboda alfajiri nimefungwa kanga machoni, na yule kijana njia nzima ananisimulia habari za mjomba wake aliyepofuka kwa minyaa Singida. Njia nzima!

Hospitali wakaniosha kwa maji mengi sana, wakanipa dawa ya matone. Daktari akauliza kwa nini sikuosha kwa maji safi dakika ile ile. Sikuwa na jibu. Siku tatu nilikuwa nawajua wanangu kwa sauti. Ya nne nikaanza kuona mwanga wa dirisha, nikalia tena.

Na yale matawi niliyokata, yaliyotupwa nyuma ya choo? Yalichipua yote.

kipanga_06:
Dah. Pole sana dada.

Mama Wawili Nzuguni:
Pole mama. Nimesoma huku nimefumba jicho moja.

Mzaramo Mkorofi:
Ila maziwa ya mama yanatibu, msidharau. Shangazi yangu alipona hivyo hivyo.

shamba_darasa:
Shangazi yako alipata tone. Maji safi, mengi, robo saa au zaidi, halafu hospitali. Na ukikata minyaa vaa miwani na glavu, simama upepo unakotoka.

Mzaramo Mkorofi:
Miwani ya jua inafaa?

shamba_darasa:
Ukitaka kupendeza, ndiyo.

Binti Mpwapwa:
Nacheka sasa hivi. Wakati ule nilikuwa nimeshagawa nguo zangu kichwani.

Mtumishi wa Iyumbu:
Pole sana dada Mpwapwa. Ila wakuu turudi kwenye vichaka. Hilo waridi la jangwani naweza kulihamisha?

muuza_miche:
Usiling'oe, la porini huwa linaoza likisumbuliwa. Nunua mche wa kwenye kopo. Kosa la wateja wangu wote ni kulimwagia kila siku kwa huruma. Shina likilainika ujue umeshaliua. Ukiwa na watoto wadogo fikiri mara mbili, utomvu wake ni sumu. Wahadzabe, wawindaji wa Ziwa Eyasi, huupaka kwenye mishale.

Fundi Chuma:
Kwa hiyo vichaka vya asili ni sumu, upofu na miiba. Mwarobaini wangu unanipa kivuli.

Mgogo wa Nala:
Nimewasoma kimya toka jana. Mnanunua nini jamani? Mimi nilipopata kiwanja niliwakataza vibarua kung'oa visiki. Watu wakadhani nimeishiwa hela ya greda. Kulikuwa na visiki vya mikole na mkulagembe vilivyokatwa kuni miaka hiyo, mizizi iko hai chini. Mvua ya kwanza vikatoa machipukizi mengi kama ufagio. Nikachagua machache yaliyonyooka, mengine nikakata, nikafunga kitambaa chekundu mtu asiyaguse. Ndiyo hiyo wanayoihamasisha vijijini huku kwa jina la Kisiki Hai. Msimu wa pili mikole ilinifika kifuani, wa tatu watoto wanachuma vitunda. Maji sijatoa hata kikombe, mizizi ilikuwa imeshajichimbia kabla sijazaliwa. Mkulagembe tu uweke mbali na nyumba, unachipua kwenye mizizi na una miiba.

Mtumishi wa Iyumbu:
Mzee wangu umenimaliza. Mimi nililipia greda saa mbili. Nikawaambia nataka paonekane kama kiganja. Na pakaonekana.

Mama Wawili Nzuguni:
Sote tulifanya hivyo.

Mgogo wa Nala:
Greda haifiki kona zote mwanangu. Pale mafundi walipokuwa wanaweka saruji hapajakwanguliwa? Kaangalie.

Mtumishi wa Iyumbu:
Nimetoka kuangalia. Nyuma ya tenki kuna kisiki kimoja, kina machipukizi saba. Nilikuwa nayakata kila mwaka nikidhani ni magugu. Nibakize mangapi?

Mgogo wa Nala:
Matatu.

muuza_miche:
Mawili, yapate nguvu.

Mzaramo Mkorofi:
Yaache yote saba, mbuzi wa jirani watakupunguzia.