Diski mbili za 4TB kwa video za harusi: nifomati vipi, na lebo niandike nini?

Mzabibu_Makole
Wakuu habarini. Nina diski mbili mpya za nje, 4TB kila moja, za kuhifadhia video za harusi na kipaimara hapa Dodoma. Nahariri kwa Windows, mwenzangu anatumia Mac. Nifomati kwa mfumo gani, na lebo ziweje ili tusichanganye?

Fundi_AreaD
Mkuu, weka exFAT, mfumo ambao Windows na Mac zote zinausoma na kuuandika. Mac inaisoma NTFS (mfumo wa Windows) lakini haiandiki humo bila programu ya ziada, na FAT32 haipokei faili la zaidi ya 4GB. Kwa kamera inayorekodi 100 Mbps (megabiti kwa sekunde) hizo ni dakika tano na ushee tu. Mpangilio wa kugawa diski uwe GPT, maana ule wa zamani, MBR ya kawaida, inaishia 2TB.

Kabla ya kuweka kazi yoyote, ijaze diski yote kwa H2testw, programu ya kupima diski (Mac ni F3), kisha isomwe upya. Diski feki hujitangaza 4TB, halafu data za mwishoni zinapotea kimyakimya. Jaribio hili linakula nusu siku au zaidi, liache usiku. Windows ikionyesha 3.63TB usigombane na muuzaji, inahesabu kwa 1024 badala ya 1000.

Kondoa_Kamera
exFAT sawa, ila haina kumbukumbu ya kujirekebishia. Ukichomoa waya ikiwa bado inaandika, orodha ya mafaili inaweza kuharibika, folda nzima usiione. Diski ya inchi 3.5 yenye adapta yake ndiyo hatari zaidi, kwa sababu umeme ukikatika nayo inazimika hapohapo. Ichomeke kwenye UPS (betri ya akiba).

Jina la ndani, lile linaloonekana kwenye kompyuta, lisizidi herufi 11, mfano DOM25-07A, na nakala yake DOM25-07B. Usizipe zote jina moja! Zikichomekwa pamoja, Mac huongeza "1" kwenye jina la pili, na mradi wa kuhariri unaanza kuvuta klipu kutoka nakala isiyo yake. Kwenye Windows ipe diski A herufi ya kudumu, mfano V, kupitia Disk Management, la sivyo ukitangulia kuchomeka fleshi ikachukua herufi yake, mradi utadai klipu zimepotea.

Fundi_AreaD
Lebo ya nje: futa kasha kwa spiriti kwanza. Kwa vumbi letu hili, bila hivyo gundi inashika vumbi na si plastiki. Bandika ubavuni ili isomeke zikiwa zimepangwa, bila kuziba matundu ya hewa. Andika jina lilelile la ndani, mfumo, na mwezi ilipoanza kutumika. Majina ya maharusi yakae kwenye daftari.

Mzabibu_Makole
Shukrani wakuu. Na nijaze mpaka wapi?

Kondoa_Kamera
Acha asilimia 10 wazi. 100 Mbps ni 45GB kwa saa, kwa hiyo kamera mbili kwa saa sita ni 540GB. Harusi sita, ya saba anza diski nyingine. Na B isisafiri begi moja na A.