Korona ilikatiza fizio ya mtoto, sasa miguu imekaza. Bado inaweza kurudi?

MamaTito_Nyakach:
Habari zenu wazazi wenzangu. Kijana wangu ana CP (mtindio wa ubongo), ameingia miaka kumi. Kabla ya korona nilikuwa nampeleka fizio, yale mazoezi ya viungo, Kisumu, ameanza hata kusimama akishikilia meza. Ikaja 2020, matatu ya watu 14 ikawa inabeba 8, nauli ikapanda, nikajikaza nikambeba mgongoni mpaka kliniki nikaambiwa mazoezi yamesimamishwa, rudi nyumbani. Tangu hapo miguu ikaanza kujikunja na kupishana kama makasi, kumvalisha suruali ni vita. Je inaweza kufunguka?

jamaa_wa_lurambi:
Lakini mama Tito, si ungemnyoosha tu mwenyewe nyumbani?

NyanyaWaWawili:
@jamaa umewahi kumbeba mtoto mkubwa wa CP wewe? Kwetu mama wa mtoto yuko shambani, baba kibarua kimeisha, anayebaki na mtoto ni mimi na mgongo wangu huu. Na hakuna aliyetuonyesha vile ananyooshwa.

Mwalimu_Busia:
Pole dada. Mimi nafundisha viziwi, wetu wengi ni wa bweni, lugha ya ishara iko shuleni. Machi 2020 wakatumwa nyumbani ghafla, na huko unakuta watu wanajua ishara ya kula na ya kuja, basi. Eti masomo yako kwa redio 😂 sasa kiziwi asikize redio aje? Oktoba 12 wakaitwa Gredi 4, darasa la 8 na Fomu 4 peke yao, wengine wakangoja hadi Januari 4, 2021. Kuna kadogo kamoja kalirudi kamesahau ishara ya jina lake. Na tukawapokea tumevaa maski, uso umefunikwa, na uso ni nusu ya ishara.

fizio_kakamega:
Mama Tito, akikua mifupa inarefuka, lakini msuli uliokaza haufuati kwa kasi hiyo, ndio maana akaharibika haraka hivyo. Jaribu hivi: alale chali ametulia, shika goti unyooshe polepole sana, usivute kwa nguvu. Likifunguka kidogo kidogo, hapo ni msuli, kuna kazi ya kufanya. Likigonga mwisho kama mlango umefungwa, kiungo chenyewe kimeshika, hapo anahitaji daktari wa mifupa, pengine plasta ngumu ya mguu au upasuaji. Na dakika chache za kunyoosha hazitoshi kama siku nzima anakaa amejikunja. Akikaa, weka leso iliyokunjwa katikati ya magoti.

MamaTito_Nyakach:
Nimejaribu sasa hivi. La kulia linafunguka, la kushoto limegoma kabisa na analia.

fizio_kakamega:
La kushoto liache, usilisukume tena. Omba rufaa ya daktari wa mifupa, na umwambie nyonga pia iangaliwe kwa eksirei, maana miguu ikipishana hivyo nyonga huweza kutoka mahali pake. La kulia endelea nalo kila siku.