Kikoi cha kuvaa kila siku: nichague vipi kwa bei nafuu?

Mkaazi wa Kisauni ameuliza:

Assalaam alaykum. Wazee shikamooni, na wengine nyote nawasalimu.

Naomba msaada katika jambo ambalo huenda wengi hapa Mombasa wanaliona dogo, lakini mimi limenitia hasara mara mbili katika muda wa miezi mitano. Ninauza vipuri vya pikipiki karibu na Mwembe Tayari, na nikifika nyumbani jioni siwezi tena kustahimili suruali, hasa msimu huu wa kaskazi ambapo hata usiku jasho halikauki. Kwa hiyo kikoi ndicho vazi langu: ninakivaa nyumbani, ninakivaa nikienda msikitini, ninakivaa barazani na majirani, na Jumapili ninashinda nacho.

Cha kwanza nilikinunua kwa mchuuzi wa barabarani, nacho kilikuwa cha samawati iliyokolea. Nilikivaa chini ya kanzu nyeupe nikaenda kusali tarawehe, na niliporudi nikakuta kanzu ina doa la samawati pana kama kiganja, pale pale kiunoni ambapo jasho lilikuwa limeloanisha kitambaa. Kanzu ile nilishonewa kwa ajili ya harusi ya dada yangu, na mpaka leo doa halijatoka. Kikoi cha pili hakikuchuja rangi, lakini hakikumaliza miezi miwili: nilichutama kufungua mtungi wa gesi, nikasikia kinachanika kuanzia nyonga hadi karibu na goti.

Marehemu baba yangu alikuwa na kikoi kimoja cheupe chenye taraza nyekundu, ambacho nakikumbuka tangu nikiwa darasa la tatu hadi nilipomaliza shule ya upili, na kilizidi kuwa laini kila kilipofuliwa. Sitaki kitu cha anasa. Nina shilingi 1,500 kwa vikoi viwili, na ningependa vinitumikie kwa muda mrefu. Nikiingia dukani nitazame nini? Je, msuli ungenifaa zaidi?

Mzee wa Kuze amejibu:

Wa alaykum salaam mwanangu, na marahaba. Pole kwa kanzu.

Nimeuza nguo Biashara Street miaka 22 kabla ya kustaafu, na ninachokwambia ni kile ambacho nilikuwa nikiwaambia watu wa nyumbani kwangu walipotaka kununua. Jambo la kwanza ni kukigeuza. Kikoi cha kweli hufumwa kwa nyuzi zilizokwisha kutiwa rangi, kwa hiyo mistari yake huonekana sawasawa nje na ndani. Ukikuta upande wa ndani umepauka, jua kwamba hicho ni kitambaa kilichopigwa chapa kama kanga, ila kimeigizwa mistari ya kikoi. Kanga nzuri ni nguo ya heshima kwa kazi yake, lakini kitu kilichopigwa chapa kisha kikauzwa kwa jina la kikoi si bidhaa uliyoikusudia.

Pili, kisugue kwa nguvu baina ya viganja viwili, mahali pamoja, ukihesabu hadi 20. Vitambaa vingi vyepesi hutiwa wanga kiwandani ili viwe vigumu na vizito mkononi, na mnunuzi hudanganyika akadhani ananunua nguo nzito. Ukisugua, wanga unatoka kama unga mweupe, na pale uliposugua panabaki palegevu, nawe unauona uzito wake halisi. Baada ya hapo kiinue mbele ya mlango kwenye mwanga. Ukiona nyuzi zimeachana hata unatambua vidole vyako upande wa pili, kirudishe kwa upole, maana hicho ndicho kitakachochanika ukichutama.

Tazama na matamvua. Katika kikoi kilichofumwa vizuri, matamvua ni nyuzi za mtande zenyewe, yaani zile zinazokwenda kwa urefu wa nguo, zimeachwa mwishoni zikasokotwa na kufungwa mafundo. Vuta moja polepole uone linaanzia wapi. Yakiwa yameshonewa pembeni kama utepe, basi nguo yenyewe ilikatwa kutoka kwenye jora refu, na sehemu hiyo ndiyo itakayoanza kufumuka.

Kuhusu rangi, nakushauri kwa moyo safi ufuate mfano wa baba yako. Kikoi cheupe chenye taraza pembeni tu kina rangi chache za kuogopa, na ukikivaa chini ya kanzu hutakuwa na wasiwasi. Ukipenda cha rangi nzito, lowesha pembe moja kwa maji kidogo, uisugue kwa leso nyeupe mbele ya muuzaji. Muuzaji mwaminifu hatakukataza.

Jirani wa Tudor amejibu:

Mimi vikoi vyangu vyote huviloweka kwenye maji ya chumvi usiku kucha kabla ya kuvivaa, ili rangi ishike. Mama alitufundisha hivyo.

Bi Mshoni wa Bondeni amejibu:

Ndugu yangu wa Tudor, hata mimi nililelewa hivyo, lakini naomba tusimpe mwenzetu tumaini lisilokuwepo. Chumvi hutumika wakati nguo ya pamba inapotiwa rangi, ili rangi iingie kwenye nyuzi. Nguo ambayo rangi yake haikushika tangu kiwandani haitashikishwa na chumvi ya jikoni. Kinachosaidia ni kukilowesha peke yake katika maji baridi, kukisuuza mara kadhaa mpaka maji yatoke meupe, na kukianika kivulini. Huko kuloweka kuna faida nyingine pia: pamba hujikunja inapofuliwa mara ya kwanza, kwa hiyo ni vyema kijikunje kabla hujakipeleka kwa fundi.

Kaka wa Kisauni, nimeshona na kukarabati nguo nyingi za aina hii, na naona kwamba kuchanika kwa kikoi chako cha pili huenda hakukutokana na wepesi wa kitambaa peke yake. Mara nyingi kikoi huchanika kwa sababu ni kifupi cha kuzunguka mwili, hivyo mvaaji hukikaza sana kiunoni ili kisifunguke, na anapochutama nguo haina nafasi ya kutanuka. Jipime kiuno kwa utepe, kisha chukua kipimo hicho mara moja na nusu. Kikoi kisichofikia urefu huo usikinunue hata kikiwa kizuri namna gani. Vipimo vya vikoi havilingani, kwa hiyo nenda na utepe wako mfukoni wala usitegemee maandishi ya kwenye karatasi.

Kuhusu msuli, kwa kazi za nyumbani naupendelea. Misuli mingi ya mirabamiraba tunayoiona hapa hutoka Indonesia na India, na mara nyingi huuzwa ncha mbili zikiwa wazi, ukampelekea fundi aziunganishe kwa mshono mmoja uwe kama mfuko usio na kitako. Ukiwa umeshonwa hivyo haufunguki mbele, hata ukisimama kwenye upepo wa kivuko cha Likoni. Tatizo lake ni kwamba mingi imechanganywa na poliesta, ambayo hainyonyi jasho kama pamba. Omba uzi mmoja unaoning'inia, utoke nje, uuchome: uzi wa pamba huungua kama karatasi ukaacha jivu laini, na wa poliesta huyeyuka ukawa kidonge kigumu cheusi.

Baharia Mstaafu amejibu:

Naongeza jambo moja tu. Nilipokuwa melini tulitia nanga Glasgow mara kadhaa, na huko nikaona wanaume wa Uskochi wakivaa kilti. Kilti yao ya sherehe hushonwa kwa sufu, na aghalabu hula yadi 8, yaani zaidi ya mita 7, zikiwa zimekunjwa marinda kwa nyuma na kuachwa bapa kwa mbele. Bei yake ni kubwa kwa sababu ya kitambaa na kazi ya mkono. Wanaotaka ya kuvaa kila siku huchukua iliyopunguzwa kitambaa, pengine yadi 5, au iliyofumwa kwa nyuzi za kiwandani badala ya sufu, na hawaoni aibu kuivaa. Nasi tufanye vivyo hivyo: kikoi chenye taraza ya hariri kiwekwe kwa ajili ya nikahi na Idi, na cha pamba tupu kiwe cha baraza na sokoni.

Mkaazi wa Kisauni ameandika:

Nawashukuru sana nyote. Nimejipima, kiuno ni inchi 38, na urefu wangu ni futi 6. Je, upana wa kikoi wa mita moja utanitosha, au utanifikia magotini?

Bi Mshoni wa Bondeni amejibu:

Inchi 38 mara moja na nusu ni inchi 57, karibu sentimita 145, kwa hiyo tafuta kikoi cha sentimita 160 au zaidi ili kibaki na nafasi hata kikijikunja. Mita moja ya upana itakutosha. Ukishakunja kibindo, ambacho hula kama sentimita 10, kitakufika katikati ya muundi, na huo ni urefu mzuri wa kupandia ngazi bila kukikanyaga. Ukitaka kishuke zaidi, omba kipana kuliko hicho. Usikubali kuongezewa kipande chini, kwa sababu kipande kipya na kikoi havitajikunja sawasawa vikifuliwa, na pindo litavutika.

Mzee wa Kuze amejibu:

Nenda asubuhi mwanangu, kabla jua halijawa kali na maduka hayajajaa, ili upate nafasi ya kuvikunjua vyote mezani. Kwa shilingi 1,500, nunua kwanza kimoja cheupe, ukivae na kukifua kwa mwezi mzima. Kikikuridhisha, urudi duka lile lile kwa cha pili.