Sindano ya uti wa mgongo: kundi la kulinganisha lilipewa nini?

Mdadisi: Wakuu, napitia jaribio la dawa ya nusinersen kwa vichanga wenye SMA, ugonjwa wa kurithi unaoua neva za misuli kwenye uti wa mgongo. Dawa ingekuwa kidonge, plasebo (dawa bandia ya kulinganishia) ni unga tu. Hii inadungwa kwenye maji yanayozunguka uti wa mgongo. Kundi lisilopewa dawa lilidungwa maji ya chumvi? Na mzazi alifichwaje?

Mpimaji: Halikudungwa chochote. Kutoboa mtoto hadi kwenye maji ya uti mara 6 bila dawa ni kumtafutia madhara ya bure. Mtoto wa kundi hilo alichomwa kidogo tu kwenye ngozi ya kiuno, akabandikwa plasta kama mwenzake, akakaa chumbani muda uleule. Mzazi alibaki nje. Kazi hiyo ilifanywa na timu ya pembeni, na waliompima mtoto baadaye hawakuingia humo. Mgawo ulikuwa wawili dawa, mmoja plasta. Siku za kudungwa au kuchomwa, kwa wote: 1, 15, 29, 64, 183 na 302.

Wodi7: Upande wa dawa: kichupa ni miligramu 12 katika mililita 5, ingawa kwenye jaribio lile vichanga walipunguziwa ujazo kwa umri. Itoe kwenye friji, iache ipate joto la chumba yenyewe, usiitikise. Ikishavutwa kwenye bomba una saa 4. Toa kwanza maji ya uti kiasi kilekile unachoingiza, kisha sukuma kwa dakika 1 hadi 3. Chembe sahani (chembe za damu zinazosaidia damu kuganda) zikishuka, damu inaweza kuvujia kwenye uti, kwa hiyo pima sahani, kuganda kwa damu na, kwa ajili ya figo, protini ya mkojo kabla ya kila dozi. Mgongo uliopinda ndio kero kubwa, huenda ukahitaji ultrasaundi kuongoza sindano.

Mdadisi: Sawa, lakini mtoto akianza kukaza shingo, mzazi si atabashiri?

Mpimaji: Atabashiri, hakuna plasta ya kuzuia hilo. Ndiyo maana kipimo kimoja kikuu kilikuwa kifo, au mashine ya kupumulia saa 16 na zaidi kwa siku, kwa zaidi ya siku 21 mfululizo, na kila tukio liliamuliwa na jopo lisilojua kundi la mtoto. Kubashiri kwa mzazi hakubadilishi hesabu hiyo. Kipimo kingine kilikuwa hatua za mwili: kushika shingo, kugeuka, kukaa. Tathmini ya katikati ilikuta 21 kati ya 51 wa dawa wamepiga hatua, wa plasta 0 kati ya 27. Jaribio likasimamishwa mapema, na wa plasta nao wakafunguliwa mlango wa kupata dawa.