Tupeane uzoefu: Serikali imetwaa eneo lako, hesabu ya fidia unaikaguaje?

Wakuu, tuongelee hapa Tanzania. Ibara ya 24 ya Katiba inakataza mtu kunyang'anywa mali bila sheria inayoweka fidia inayostahili, na Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ya haraka. Watu wengi huangalia jumla tu. Wenye kazi zenu, shusheni.

#2
Jumla ivunjeni. Kuna thamani ya ardhi kwa bei ya soko, majengo na mazao. Juu yake posho ya usumbufu: thamani ya ardhi mara wastani wa riba ya amana ya miezi 12 benki. Posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36. Nyumba ya kodi ya 200,000 inakupa 7,200,000. Posho ya usafiri ni gharama ya kubeba mizigo tani 12 ndani ya kilomita 20. Kiwanja kitupu hakina makazi wala usafiri, msigombane na mthamini kwa hilo.

#3
Mwenye duka aongeze faida halisi ya mwezi mara 36. Hapa ndipo wengi wanapoumia: faida hiyo huthibitishwa kwa hesabu zilizokaguliwa pale zinapohitajika. Daftari la mauzo peke yake linaweza lisitoshe.

#4
Siku ya ukaguzi uwepo mwenyewe. Hesabu miti pamoja na mthamini, taja choo, kisima na uzio, soma fomu ndipo usaini, kisha ipige picha. Jina lifanane na la kitambulisho na akaunti ya benki. Herufi moja tu inakwamisha malipo. Shamba la urithi lisilo na msimamizi wa mirathi nalo hukwama.

#5
Kwa barabara kuu angalieni rangi ya alama ya X inayopakwa kwenye jengo. X nyekundu: umejenga ndani ya hifadhi ya barabara, fidia hakuna. X ya kijani: hifadhi imekufuata baada ya Sheria ya Barabara ya 2007 kuipanua, unalipwa.

#6 (akijibu #2)
Mkuu, umesahau muda. Malipo yakipita miezi 6 tangu Mthamini Mkuu aidhinishe, dai riba. Ikipita miaka 2, uthamini umekufa, unarudiwa upya. Na ukitaka kwenda mahakamani, notisi ya siku 90 kwanza, nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Kesi nyingi hufutwa kwa kuiruka hatua hiyo, hata kama dai lenyewe ni zito.